Umeme Umerudi, Simu za Ofisi Hazijarudi

Intaneti imerudi, kompyuta zinafungua kurasa, lakini simu za mezani bado hazifai kitu. Moja skrini yake ni nyeusi. Nyingine imeganda kwenye nembo ya kiwanda. Ya tatu inaonyesha tarehe ya mwaka 1970. Ya nne inaonekana nzima kabisa, inapiga nje bila shida, ila hakuna simu hata moja inayoingia. Ofisini zote nne huitwa kwa jina moja, “simu hazijashika”, na zote nne hupewa dawa moja: chomoa, chomeka. Kwa kuwa dawa hiyo mara nyingi hufaulu, watu wameiamini kupita kiasi. Inaposhindwa hakuna anayejua aanzie wapi, na hata inapofaulu, chanzo kimebaki palepale kikisubiri katizo lijalo.

Ni mara chache simu yenyewe kuwa imeharibika. Ukifuatilia kwa makini utakuta vyombo viwili vilivyo kwenye njia yake havikubaliani tena: kimoja kimesahau mambo wakati wa katizo, kingine bado kinakumbuka hali ya kabla ya katizo. Swichi, chombo kinachounganisha nyaya za mtandao ofisini, imesahau VLAN ya sauti, yaani kipande cha mtandao kilichotengwa kwa simu. Ruta inang'ang'ania anwani ya nje ambayo haipo tena. Kazi ya fundi ni kumpata aliyesahau au anayeng'ang'ania, na swali la kuanzia ni hili: wakati wa katizo, simu ilizimika au ilibaki inawaka?

Iliyozimika imeanza maisha upya, kwa hiyo kikwazo chake kiko kwenye hatua za kuamka. Iliyobaki inawaka, labda kwa sababu swichi yake iko kwenye UPS (betri ya akiba) na kilichokatika ni fiba ya nje tu, imebeba kumbukumbu za zamani, na kikwazo chake kiko huko. Usikubali jibu la kukisia. Kwenye menyu ya hali ya simu, au kwenye ukurasa wake wa wavuti, huwa kuna muda ambao simu imekaa ikiwaka. Swichi ya Cisco hutoa muda wake kwa `show version`. Ukiona swichi ina dakika 12 tu tangu iwake, ilhali kila mtu anaapa kwamba umeme haukukatika kwenye chumba cha swichi, iamini swichi.

Simu iliyoanza upya

Simu ikipata umeme hupanda ngazi kwa mpangilio: umeme, waya kuwa hai, kujua VLAN yake, kuomba anwani kwa DHCP (huduma inayogawa anwani za mtandao), kuchukua faili la mipangilio, kurekebisha saa, kisha kujisajili kwenye mtambo wa simu, seva inayoelekeza simu zote, kwa SIP, lugha ya kuanzisha simu mtandaoni. Ukijua imesimama ngazi ipi, yaliyo juu ya ngazi hiyo yaache kwanza. Skrini nyeusi haihusiani na nenosiri la SIP, na bado kuna mafundi wanaoanza kubadilisha nenosiri.

Tuanze na umeme. Simu nyingi za ofisi huupata kupitia waya wa mtandao, yaani PoE. Kiwango cha 802.3af cha mwaka 2003 kinairuhusu poti kutoa hadi wati 15.4, na simu kupokea hadi wati 12.95, kwa sababu sehemu hupotea njiani kwenye waya. Simu hujitambulisha kwa daraja, na swichi huitengea umeme kulingana na daraja hilo: la 1 wati 4, la 2 wati 7, la 3 wati 15.4. Chukua swichi ya poti 24 yenye bajeti ya wati 195, na simu 20 za daraja la 3 ambazo kila moja kwa kweli hutumia kama wati 5. Zilipofungwa moja baada ya nyingine hakuna aliyeona tatizo, kwa kuwa kila simu ilitengewa 15.4, kisha ikazungumza na swichi kwa LLDP, lugha ambayo vifaa jirani hujitangazia, na kupunguziwa hadi kiasi inachohitaji. Umeme ukirudi baada ya katizo, zote 20 zinaomba kwa mkupuo. Simu 12 zinajaza wati 184.8, na ya 13 inanyimwa. Swichi nyingine hurudi baadaye kuwahudumia waliobaki, nyingine hazirudi mpaka waya uchomolewe.

Dalili yake ni ya wazi: simu nyeusi ziko kwenye poti zinazofuatana, na `show power inline` inaonyesha kwamba zimenyimwa. Kwenye Cisco dawa ni `power inline consumption 7000` kwenye poti husika, namba ikiwa ni miliwati, baada ya kupima simu inatumia kiasi gani ikiwa imewashwa taa zote na spika. Usiichanganye na `power inline auto max 7000`. Hiyo inaiambia swichi ikatae kabisa kifaa ambacho daraja lake linazidi wati 7, na simu zako za daraja la 3 zitazimika zote.

Ngazi ya pili, waya kuwa hai, ina mtego wa spaningi-trii, kinga ya swichi dhidi ya mizunguko ya nyaya. Katika mfumo wa zamani wa 802.1D, poti iliyoamka husikiliza kwa sekunde 15, kisha hujifunza kwa sekunde 15 nyingine, ndipo inaruhusu data kupita. Katika sekunde hizo 30 simu inapiga kelele za DHCP ukutani. Nyingi huendelea kujaribu. Baadhi hukata tamaa na kubaki na anwani ya 169.254 iliyojipa yenyewe au kurudi kwenye anwani ya zamani. Poti zote za simu ziwekwe kama poti za pembeni, `spanning-tree portfast`, pamoja na ulinzi wa BPDU, unaofunga poti ikipokea ujumbe wa spaningi-trii. Ulinzi huo nao una upande wake: baada ya katizo watu huinama chini ya meza kuchomeka nyaya, na mtu akichomeka nyaya zote mbili za simu, ya mtandao na ya kompyuta, kwenye matundu mawili ya ukutani, ametengeneza mzunguko. Swichi yenye ulinzi itafunga poti hizo, na kwenye Cisco hazifunguki zenyewe isipokuwa umewasha `errdisable recovery`, ambayo kwa kawaida husubiri sekunde 300. `show interfaces status err-disabled` ni amri ya nusu dakika inayookoa saa nzima.

Hapohapo chini ya meza, angalia pia kama waya wa ukutani umeingia kwenye tundu la kompyuta badala ya tundu la mtandao nyuma ya simu. Simu itakosa umeme au itakosa VLAN, na kwa macho kila kitu kimechomekwa.

Kisha VLAN, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo kosa la kawaida kuliko yote lilipo. Mtu aliweka VLAN ya sauti kwenye swichi miezi kadhaa iliyopita, ikafanya kazi, akaondoka bila kuhifadhi mipangilio. Swichi iliendelea kufanya kazi kwa kumbukumbu ya muda. Umeme ulipokatika, mipangilio hiyo ilipotea, na swichi ikaamka na faili la zamani lisilojua chochote kuhusu simu. Kompyuta zitafanya kazi vizuri kwa sababu VLAN ya data ilikuwepo tangu mwanzo. Simu tu ndizo zilizoathirika, na kila mtu anailaumu kampuni ya simu. Ukiona simu zote za swichi moja zimekufa na za swichi jirani ni nzima, linganisha mipangilio ya hizo mbili kabla ya kugusa kitu kingine. Baada ya kurekebisha, andika `copy running-config startup-config`, kisha thibitisha kwa `show startup-config`. Usitegemee kumbukumbu ya vidole.

Kama mipangilio iko sawa, angalia LLDP. Kwa kawaida swichi hutangaza kila sekunde 30, na CDP, tangazo la Cisco la aina hiyohiyo, kila sekunde 60. Simu ambayo haikusikia tangazo mapema huendelea bila VLAN na kuomba anwani kwenye VLAN ya data. Itapata anwani halali, itaonekana hai, ila haitaufikia mtambo wa simu ikiwa faiawoli hairuhusu VLAN ya data kuugusa. Soma anwani kwenye skrini: kama simu zinapaswa kuwa kwenye 10.20 na hii iko kwenye 10.10, jibu unalo. Viswichi vidogo visivyo na mipangilio, vile vinavyowekwa mezani kuongeza matundu, huongeza tatizo hili, kwa sababu baadhi havipitishi LLDP.

DHCP huvunjika kwa namna mbili. Ya kwanza ni anwani kuisha. Simu iliyoanzia VLAN ya data ikaazima anwani huko, kisha ikahamia VLAN ya sauti na kuazima nyingine, imeshikilia mbili. Simu 150 zikifanya hivyo asubuhi moja, VLAN ya data yenye anwani 253 za kugawa inabaki na 103 kwa kompyuta zote, mpaka muda wa kuazima uishe. Windows Server huazimisha kwa siku 8 usipobadilisha. Saa 8 zinatosha kwa simu. Ya pili ni seva ya DHCP kuchelewa kuamka, hasa ikiwa ni mashine pepe ndani ya seva kubwa inayochukua dakika 10 kuwaka. RFC 2131, waraka wa kiwango cha DHCP, inashauri kusubiri sekunde 4 kabla ya kuomba tena, kisha 8, 16, 32, hadi 64. Simu inayofuata mpangilio huo itapona yenyewe. Isiyofuata inahitaji kuzimwa na kuwashwa, lakini seva ya DHCP iwe imeamka kwanza.

Mitandao inayotumia 802.1X, ukaguzi wa kila kifaa kabla ya kuingia mtandaoni, iongeze swali hili: seva ya RADIUS, inayotoa ruhusa hiyo, ilikuwa hai simu zilipowaka? Kama haikuwa, poti zimefungwa au zimeangukia VLAN ya wageni. Kwenye Cisco, `authentication event server dead action authorize voice` huzipa simu VLAN yao wakati RADIUS imelala.

Saa ni ngazi ambayo hudharauliwa. Simu nyingi hazina betri ya saa. Zikizimika, zinaamka zikidhani ni mwaka 1970 au tarehe ya kiwandani, na kama usajili unapita kwa TLS, yaani muunganisho uliosimbwa, simu inakikagua cheti cha seva na kuona kwamba muda wake wa kuanza kutumika haujafika. Inakikataa. Kwenye skrini utaona tu kwamba usajili umeshindwa, na utatafuta nenosiri siku nzima. Tatizo linakuwa kubwa zaidi pale seva ya saa imeandikwa kwa jina, DNS inayogeuza majina kuwa anwani haijaamka, na simu haitajaribu tena mpaka baada ya saa kadhaa. Wape simu seva ya saa iliyo ndani ya mtandao wenu, kwa anwani ya namba, kupitia chaguo namba 42 la DHCP. Ruta au swichi kuu inaweza kufanya kazi hiyo.

Simu iliyobaki inawaka

Hili ndilo kundi linalowachosha mafundi, kwa sababu simu ina umeme, ina anwani, inajibu pingi, na bado haijisajili. Mtambo wa simu uko nje ya ofisi, labda kwa mtoa huduma, na kati yake na simu kuna ruta inayobadilisha anwani.

Ruta huweka jedwali la mazungumzo: pakiti iliyotoka kwenye simu fulani, poti 5060 (namba ya mlango wa SIP, si tundu la swichi), kwenda kwa seva fulani, ilibadilishwa kuwa anwani fulani ya nje. Kwenye Linux mstari wa UDP, njia ya kutuma pakiti bila muunganisho, hufutwa baada ya sekunde 30 za ukimya, au 120 kama pande zote mbili zilikuwa zikizungumza. Sasa fiba imekatika, ruta imehamia laini ya akiba, anwani ya nje imebadilika. Simu, kwa nia njema, inatuma pakiti ndogo kila sekunde 20 au 30 ili kuweka njia wazi. Kila pakiti inaufufua mstari wa zamani, na ruta inaendelea kuzituma pakiti hizo zikiwa na anwani ya nje iliyokufa. Majibu hayarudi kamwe. Mstari haufi kwa sababu simu haiachi kuzungumza. Unaweza kukaa hivyo siku tatu.

Jedwali hilo pia linaeleza kwa nini chomoa-chomeka hufaulu leo na kushindwa kesho. Simu inayowaka ndani ya sekunde 60 inarudi na poti ileile 5060 kabla mstari haujafutwa, na kuufufua. Inayochukua dakika tatu kuwaka inakuta mstari umeshakufa, na inapona. Ukitaka kutumia njia hiyo, iache simu dakika tano kamili ikiwa haina umeme. Lakini njia safi ni kufuta mistari yenyewe. Kwenye Linux angalia kwanza:

`conntrack -L -p udp --dport 5060`

Kila mstari una jozi mbili za anwani. `dst` ya jozi ya pili ndiyo anwani ya nje ambayo ruta inaitumia. Kama si anwani yenu ya sasa, umempata mwenye kosa. Futa:

`conntrack -D -p udp --dport 5060`

Kwenye MikroTik:

`/ip firewall connection remove [find where dst-address~":5060"]`

Simu zitarudi zitakapojaribu tena, bila mtu kunyanyuka kwenye kiti. Ili lisijirudie, weka amri hiyo kwenye hati inayoendeshwa kila laini inapobadilika. Wanaobadilisha anwani kwa kanuni ya `MASQUERADE` kwenye Linux wana nafuu, kwa sababu hiyo husahau mazungumzo kiolesura kikizimika, tofauti na kanuni ya `SNAT`. Nafuu hiyo haipo pale kinachozimika ni modemu iliyo mbele ya ruta, kwani kwa macho ya ruta waya bado uko hai.

Ukiwa hapo hapo kwenye ruta, zima SIP ALG. Ilibuniwa kusaidia kwa kuandika upya anwani zilizo ndani ya ujumbe wa SIP, lakini mitambo ya sasa inajua kushughulika na NAT, yaani ubadilishaji huo wa anwani, yenyewe, na ALG huishia kuvuruga. Kwenye MikroTik ni `/ip firewall service-port disable sip`.

Kuna ugonjwa mwingine wa ruta ndogo. Nyingi huweka orodha ya anwani zilizoazimishwa kwenye RAM. OpenWrt, kwa mfano, huiweka `/tmp`. Ruta ikizimika, orodha inapotea. Simu iliyobaki inawaka bado inatumia 192.168.1.57, lakini ruta haikumbuki, na inaweza kuigawa anwani hiyo kwa kompyuta ndogo ya mgeni. Vifaa viwili, anwani moja: sauti inakatikakatika, usajili unakuja na kuondoka. Simu zipewe anwani zilizofungwa kwa MAC zao, yaani namba za kudumu za vifaa, na mgogoro huu unakwisha.

Swichi zenye ukaguzi wa ARP, ujumbe wa kuuliza anwani fulani ni ya kifaa kipi, zina toleo lao la jambo hilohilo. Swichi hujifunza anwani ya kila simu kwa kuchungulia DHCP. Ikizimika inasahau, na simu yenye adapta yake ya umeme, iliyokaa nyuma ya kiswichi cha mezani, haikuona waya ukikatika, hivyo haiombi anwani upya. Swichi inatupa pakiti zake za ARP kwa kudhani ni mwizi. Hifadhi jedwali hilo kwenye flashi kwa `ip dhcp snooping database`.

Na wanaosajili kwa TCP au TLS waelewe hili: muunganisho unaweza kufa upande mmoja bila upande wa pili kujua. Linux, usipoibadilisha, husubiri saa 2 kabla ya kuanza kupima muunganisho uliokaa kimya. RFC 5626 ya mwaka 2009 ilileta njia bora: simu inatuma mistari miwili mitupu, seva inajibu kwa mmoja, na jibu lisipofika ndani ya sekunde 10 muunganisho unahesabiwa umekufa. Kama simu yako ina chaguo hilo, liwashe.

Inaonekana nzima, lakini haiiti

Hii ndiyo inayonitia hofu kuliko zote, kwa sababu hakuna anayelalamika. Simu ilijisajili kwa muda wa sekunde 3600. Dakika 5 baadaye mtambo umezimika na kuwaka, na umesahau usajili, au njia ya NAT imekufa. Simu haijui. Skrini inaonyesha namba yake, taa ni ya kijani, na inaweza hata kupiga nje, kwa sababu kila simu inayotoka huhakikiwa upya. Lakini wanaoipigia wanaambiwa haipatikani, mpaka simu ikumbuke kujisajili tena. Kama ni simu ambayo watu wamezoea kuipigia penye dharura, hiyo ni nusu saa au zaidi ambayo mtu anaweza kuumia bila msaada kufika.

Punguza muda wa usajili. Sekunde 120 hadi 300 zinafaa kwa simu zilizo nyuma ya NAT. Simu 200 zenye sekunde 120, zikijisajili upya nusu ya muda ikifika, ni wastani wa usajili kama 3 kwa sekunde, mzigo ambao mtambo wowote wa kawaida unaubeba. Kwenye Asterisk, programu ya mtambo wa simu, `qualify_frequency=60` huufanya mtambo uihoji kila simu kila dakika, na `pjsip show contacts` inakuonyesha ni ipi isiyojibu.

Mlinzi aliyefunga mlango

Wakati mwingine njia iko safi na mtambo ndio unaokataa. Sababu ya kwanza ni fail2ban, programu inayofunga anwani zinazokosea nenosiri. Kwa mipangilio yake ya kawaida humfungia nje kwa dakika 10 yeyote aliyekosea mara kadhaa ndani ya dakika 10. Ofisi nzima hutoka kwa anwani moja ya nje, hivyo simu moja yenye nenosiri bovu inatosha kuwafungia wote. Na simu hiyo hutoka wapi? Mara nyingi ni ile ambayo mtu, kwa haraka ya kusaidia, aliirudisha kwenye mipangilio ya kiwandani, kisha akaandika nenosiri kutoka kichwani. Tafadhali usirudishe simu kiwandani kama hatua ya kwanza, wala ya tano. Kwenye seva tazama `fail2ban-client status asterisk`, fungua kwa `fail2ban-client set asterisk unbanip` ukifuatisha anwani, na iongeze anwani ya ofisi kwenye `ignoreip`. Jina la jela (hapa `asterisk`, kundi la kanuni za fail2ban kwa huduma moja) linaweza kuwa tofauti kwenye seva yako.

Sababu ya pili ni idadi ya usajili. Kwenye Asterisk, `max_contacts=1` bila `remove_existing=yes` inamaanisha kwamba simu iliyorudi na anwani mpya inakuta nafasi yake imekaliwa na kivuli chake cha zamani. Inapewa 403, yaani inakataliwa, mpaka kivuli kiishe muda. Logi inasema waziwazi kwamba idadi ya juu imepitwa, lakini ni wangapi husoma logi kabla ya kuchomoa waya?

Ndiyo maana ni vizuri kuwa na `sngrep`, programu inayoonyesha ujumbe wa SIP, kwenye mtambo. Usajili wenye afya ni REGISTER (ombi la kujisajili), jibu la 401 (jithibitishe kwanza), REGISTER ya pili yenye uthibitisho, na 200. Hiyo 401 ya kwanza ni ya kawaida, usiitafutie dawa. 401 zinazofuatana bila kikomo ni nenosiri. 403 ni kukataliwa, soma logi. 503 ni mtambo uliozidiwa. REGISTER ikionekana kwenye ruta lakini haionekani kwenye mtambo, ni njia. Ikionekana kwenye mtambo bila jibu lolote, huenda ni mlinzi. Isipoonekana hata kwenye ruta, rudi kwenye VLAN na DHCP.

Na kama hakuna REGISTER yoyote, huenda simu inasubiri tu. RFC 5626 inaelekeza simu iliyoshindwa iongeze muda wa kungoja maradufu kuanzia sekunde 30, hadi kilele cha sekunde 1800. Baada ya katizo la saa tatu, simu isiyo na kasoro yoyote inaweza kukaa karibu nusu saa kabla ya kujaribu tena. Kungoja huko kuna sababu: REGISTER isiyojibiwa kwa UDP hurudiwa kuanzia nusu sekunde, kisha kwa vipindi vinavyorefuka, na kufikia pakiti 11 ndani ya sekunde 32. Simu 300 zikianza pamoja ni pakiti 3,300 kwa mtambo ambao ndiyo kwanza umeamka. Ukizirudisha kwa mkono, washa swichi moja, ngoja usajili utulie, kisha nyingine.

Kabla ya katizo lijalo

UPS ya swichi za simu isiyo na ruta ndani yake inatengeneza hasa lile kundi la pili: simu zinazobaki zinawaka huku njia imekufa. Ruta, modemu, swichi na mtambo, kama uko ofisini, viwe kwenye hifadhi moja. Hesabu yake, mtambo ukiwa nje ya ofisi, ni rahisi: simu 24 za wati 6 ni wati 144, ongeza swichi 30, ruta na modemu 25, unafika karibu wati 200. UPS iwe na uwezo wa juu zaidi ya huo, kwa kuwa betri huchoka, na dakika unazotaka uzisome kwenye jedwali la mtengenezaji kwa mzigo wa wati 200, wala si zile zilizoandikwa kwenye boksi.

Kisha jaribu, siku ambayo ofisi imefungwa. Majaribio ni mawili na yanatofautiana. La kwanza, kata umeme wa swichi za simu kwa dakika 5 na uhesabu dakika hadi simu ya mwisho ijisajili. La pili, acha swichi ziwake, chomoa waya wa nje wa ruta kwa dakika 20, au lazimisha laini ya akiba, kisha urudishe. Wengi hufanya la kwanza tu. Katika yote mawili usiridhike na taa za kijani: chukua simu ya mkononi, piga kutoka nje namba ya kila idara, na uandike ipi iliita na ipi haikuita, pamoja na poti yake ya swichi.